Mbuzi Mlangoni kwa Mama Ishen

Ak-Chiy, Talas
9 Oktoba 2011

Mdogo wangu Taalai,

Pokea salamu za nyumbani, na kama huko gerezani bado wanasoma barua zako kabla yako, basi na wao nawasalimu. Sisi ni wazima. Kadyr anakohoa tangu tuanze kupura maharage. Vumbi linamwingia kifuani, lakini shemeji yako hataki kufunga kitambaa mdomoni, eti wanaume wenzake watamwita bi harusi. Ng'ombe mweusi amezaa dume. Mtufaha wa marehemu mama umezaa mpaka tawi moja limekatika.

Sasa nililokuandikia. Alhamisi alikuja Kocha Zhanysh. Alikunywa chai bakuli tano, akamaliza jamu yangu ya cheri, ndipo akasema lililomleta. "Burmakan, Januari mdogo wako anatoka. Jezi nambari saba sijampa mtu. Bila yeye timu ya mkoa ni wanaume wanaotembeza farasi. Mwandikie, mtie moyo."

Ndiyo hii naandika, lakini moyo sikutii. Nakuomba usirudi uwanjani. Rudi nyumbani ulime maharage, ujenge, uoe ukipata wa kukuvumilia. Usipande tena farasi mbele ya watu kugombea mzoga wa mbuzi na kuutupa golini. Nyumba ya Mama Ishen haijahama. Iko palepale ng'ambo ya mfereji, na makelele ya uwanjani yanafika mpaka jikoni kwake.

Usijaribu kunipigia kwa simu ya askari. Kwenye simu unanikatiza. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho.

Dada yako,
Burmakan


Gerezani
2 Novemba 2011

Dada Burmakan, shikamoo.

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa, na askari aliyeifungua ameitikia salamu. Mimi ni mzima. Bado niko kwenye tanuri la matofali na mikono imekuwa migumu, jambo zuri kwa mtu anayetaka kumshika mbuzi asimponyoke. Mwambie shemeji afunge kitambaa. Afadhali awe bi harusi mwenye mapafu.

Farasi wangu Toru je, anakula vizuri? Baridi ikianza apewe shayiri, asipewe nyasi tupu. Na mguu wake wa nyuma wa kushoto uwe unausugua na mafuta, ndipo panapomuuma.

Nimekusikiliza mpaka mwisho, sasa nawe nisikilize. Hakimu alisema miaka saba. Nimekaa minne na nusu, wenyewe wakaona nafaa kutoka. Hukumu nimeisoma mpaka karatasi imechakaa kwenye mikunjo, na hakuna mahali palipoandikwa miaka saba pamoja na mchezo. Hapa kuna mchomelea vyuma kutoka Naryn, naye ameua. Akitoka ataenda kuchomelea. Hakuna dada atakayemwandikia aache kutengeneza mageti. Mimi kazi yangu ni hii. Nilipandishwa farasi nina miaka minne na sijui kazi nyingine.

Siku ile nilikuwa nimekunywa. Yeye ndiye aliyeanza maneno. Nimelipa, basi.

Mdogo wako,
Taalai


Ak-Chiy
20 Novemba 2011

Taalai,

Hatujambo, theluji imeanguka mapema, Kadyr bado anakohoa na bado hana kitambaa.

Yeye! Huyo yeye ana jina. Jana nilitoa barua zako zote kwenye sanduku nikazisoma upya. Kuna "yeye", kuna "yule", kuna "mambo yale" na "siku ile". Jina lake hukuliandika hata mara moja katika miaka minne na nusu. Anaitwa Ishen. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, akiendesha trekta la watu, akimtunza mama yake mjane.

Unasema alianza maneno. Alisema nini? Pale arusini mlipocheza, alisema mbuzi amekuponyoka kama sabuni bafuni. Arusi nzima ilicheka, hata mimi nilicheka. Wewe ukamfuata nje ukampiga kichwani kwa mpini wa mjeledi, na siku ya tatu tukamzika. Hayo ndiyo mambo yale.

Na huyo mchomelea vyuma wako, akimaliza geti hapigiwi makofi na watu elfu tano. Hakuna anayeandika jina lake mgongoni. Kazi yako si kumshika mbuzi tu, kazi yako ni kushangiliwa, na hicho ndicho ninachokukatalia. Umetolewa mapema kwa tabia njema. Ishen naye alikuwa na tabia njema, mbona hajatolewa?

Toru ni mzima. Anafanya kazi.

Burmakan


Gerezani
30 Desemba 2011

Dada, shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwako na kwa shemeji.

Anafanya kazi gani? Farasi wa mbuzi hafanyi kazi. Anakula, anapumzika na anasubiri mechi. Sijapenda jibu lako.

Natoka tarehe kumi na nne. Kocha atanisubiri langoni, tunakwenda moja kwa moja kambini Bishkek. Nyumbani sipiti, maana najua utanisimamisha mlangoni unihutubie na theluji inadondoka. Nitacheza, Dada. Wakinizomea nitacheza. Wakinitupia mawe, nitacheza na mawe yao. Anwani ya kambi iko nyuma ya bahasha.

Taalai


Ak-Chiy
11 Februari 2012

Mdogo wangu,

Hii ni barua ya tatu tangu utoke, na mbili hujajibu. Labda wino wa kambini umeganda. Kadyr sasa anafunga kitambaa, tena cheupe, na kweli anafanana na bi harusi. Shangazi wa Kirovka anakusalimu. Wengine hawakukusalimu na sitawataja.

Tumekuona kwenye televisheni. Umenenepa shingo. Ulipoingia uwanjani watu walisimama, na mtangazaji akasema kwa sauti ya asali: "Amerudi, nambari saba, baada ya kuwa mbali kwa muda!" Kuwa mbali. Kana kwamba ulikwenda kuvuna pamba Uzbekistani. Kadyr alizima televisheni kabla sijamwambia, na huyo ni mtu anayekupenda.

Kesho yake nilimpelekea Mama Ishen maziwa. Alinipokea ndoo, akaniuliza tu, "Alikuwa mbali wapi?" Jibu unalo wewe?

Nasikia sikukuu ya Nooruz, mwezi ujao, mtacheza hapa kwetu. Umwa. Vunjika kidole. Sema farasi wako amekataa. Usije.

Burmakan


Bishkek
25 Machi 2012

Dada, shikamoo, na salamu zote unazozijua zipokee haraka haraka, kwa sababu leo nina jambo.

Amenisamehe!

Siku ya Nooruz ulifunga mlango wako, nimeuona. Sawa, sina kinyongo. Lakini ulikosa. Tuliwafunga watu wa mkoa wa Chui saba kwa tatu, manne ya mkono wangu. Ikafika zamu ya yule mbuzi wa mwisho, yule ambaye mfungaji huenda kumtupa mlangoni kwa mtu anayetaka kumheshimu. Kocha akataka nimpeleke kwa mkuu wa wilaya. Wenzangu wakataka kwa mzee mmoja mwenye kondoo wengi, maana anayetupiwa mbuzi lazima atoe zawadi, na yule hutoa nono. Mimi nikageuza farasi kuelekea mfereji.

Walipoelewa naelekea wapi walivuta hatamu, lakini walinifuata wote, wapanda farasi thelathini. Kocha alikuwa ananiita, "We Taalai, rudi, usituletee balaa!" Sikurudi. Nilijiambia, kama kuna nyumba moja katika bonde hili inayostahili heshima yangu mbele ya watu, ni hii. Nikamtupa mbuzi kwenye kizingiti. Nikasema, "Mama, nimekuletea heshima."

Alitoka na unga mikononi. Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akaenda nyuma ya nyumba. Kocha akasema, "Amekataa, twende zetu." Mara akarudi anaongoza farasi. Farasi mwenyewe kakonda, ana alama za kamba za mkokoteni kifuani. Nilimjua kwa doa jeupe juu ya jicho. Toru, Dada! Toru wangu!

Akaniwekea hatamu mkononi. "Umetupa," akasema, "nami natoa." Watu wakashangilia mpaka mbwa wakakimbia. Nililia mbele ya timu nzima na sioni haya.

Kwa nini alikuwa na Toru sijui. Labda ulimwazima akabebe maharage, na ndiyo maana ulikuwa unanificha. Sijali tena. Ulisema nisirudi uwanjani. Ningekusikiliza, leo ningekuwa sijasamehewa.

Mdogo wako mwenye furaha,
Taalai


Ak-Chiy
1 Aprili 2012

Taalai,

Kadyr anakohoa. Habari za nyumbani zimeisha.

Sikumwazima. Nilimpa. Mwaka wako wa pili gerezani nilichukua wazee watatu, joho jipya na Toru, tukavuka mfereji kwenda kumwomba radhi kwa ajili yako, kama inavyowapasa watu ambao ndugu yao ana damu mikononi. Tulikaa uani kwake tangu asubuhi mpaka alasiri. Hakutukaribisha chai, wala hakutufukuza. Mwishowe akainuka, akashika hatamu. Hakusema neno, na hapakuhitajika neno, maana mtu akishika hatamu ya farasi wa radhi, amepokea. Ulikuwa umekwisha kusamehewa, mjinga wewe, miaka miwili na zaidi.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu kila barua ulikuwa unamuulizia Toru, amekula, amelala, mguu unamuumaje. Yule mama aliyefiwa hukumuulizia hata mara moja. Niliona uchungu. Nikasema, asubiri, siku atakayomuulizia Mama Ishen ndiyo siku nitakayomwambia. Siku hiyo haikufika. Kosa hilo ni langu na nalibeba.

Lako ni hili. Umekwenda na watu thelathini ukamtupia mbuzi mtu asiye na ruhusa ya kukataa. Uliyaandika mwenyewe kwa mkono wako, anayetupiwa mbuzi lazima atoe. Sasa mjane mwenye kuku sita na farasi mmoja angetoa nini? Kuku? Alitoa farasi, na farasi yule ndiye alikuwa radhi yako. Amekurudishia, Taalai. Wewe ukalia kwa furaha. Vijana walishangilia kwa kuwa hawajui. Wale wazee watatu walikuwepo na walijua. Waliondoka bila kumuaga mtu.

Mlipokwisha kwenda akamchuna yule mbuzi akampika, maana na hilo ni lazima. Akaja mlangoni kwangu. "Burmakan, njoo ule. Desturi ni desturi." Nikaenda. Tulikuwa majirani tisa. Tulipomaliza akasema, "Maharage yangu msimu huu utayabeba wewe. Farasi sina." Nikamwambia nitayabeba hata mgongoni.

Ulitaka heshima yake mbele ya watu, au ulitaka watu wakuone ukimheshimu? Usinijibu mimi.

Burmakan


Bishkek
6 Mei 2012

Dada, shikamoo.

Natumaini daktari amempa shemeji dawa ya maana. Mliporudi kutoka kwake mkamkuta Toru zizini, mlijua nimepita. Sikuwasubiri. Niliogopa, kama unataka ukweli.

Barua yako nilikaa nayo wiki tatu. Siku mbili za kwanza nilikuwa na hasira nawe, ya tatu nilikuwa na hasira na desturi, halafu wa kukasirikia wakaniishia nikabaki mwenyewe. Nikamwomba Kocha lori. Nikashuka na Toru njia panda, nikatembea naye kwa miguu mpaka kwa Mama Ishen. Peke yangu, bila mtu nyuma.

Alikuwa anapalilia. Nikasema, "Mama, nimemrudisha."

"Zawadi ya mbuzi hairudishwi. Hukufunzwa kwenu?"

"Nilikosea, Mama."

"Lipi? Umekosea mangapi wewe?"

Akaendelea kupalilia, nami nimesimama. Nikamuuliza, "Unataka niache kucheza?"

Hapo akanyooka. Dada, ni mfupi vile, lakini nilirudi hatua moja. Akasema, "Usinitwike mimi hilo. Ukiacha, bonde zima litasema mimi, Sonun, nimewanyang'anya mchezaji wao. Watakulilia wewe mpaka macho yawavimbe. Mwanangu nani anamlilia? Ulikuwa mbali, wamesema. Na yeye je, naye yuko mbali? Cheza! Ila kila wakikutaja jina, wataje na la kwake, na ulichomfanya. Kila mechi. Makofi wakitaka kupiga, wapige baada ya hapo."

Kisha akaniuliza, "Jina lake unalijua?"

Nikasema, "Ishen."

"Sikusikia."

"Ishen, Mama. Ishen mwana wa Bekten."

Akarudi kwenye maharage yake. Hakuniaga, nami nikamleta Toru zizini kwako.

Kocha anasema nimeingiwa na wazimu. "Wafadhili watakimbia! Uwanjani watu wanakuja kufurahi, wewe unawaletea matanga?" Mtangazaji naye anasema tangu azaliwe hajasoma kitu cha namna hiyo. Nimewaandikia kwenye karatasi, kwa mkono wangu, herufi kubwa. Nimewaambia, asiposoma sipandi, wachezeshe jezi. Kocha kanitishia kunifukuza. Nimemwambia anifukuze baada ya kusoma.

Jumapili tarehe kumi na tatu ni fainali, na itaonyeshwa. Sijui atasoma au hasomi. Wewe ulisema nisicheze, na pengine ulikuwa na haki. Lakini hili ndilo nililoagizwa na mwenye kidonda, nami nitalifanya, akipenda Kocha asipende.

Taalai


Ak-Chiy
14 Mei 2012

Mdogo wangu Taalai,

Salamu nyingi sana. Kadyr dawa zimemfaa, usiku huu amekohoa mara mbili tu na zote za kujidekeza. Maharage yameota. Toru amenenepa kidogo. Analala kwangu, asubuhi anabeba samadi ya Mama Ishen, na mwenye farasi ni nani sasa hata wazee wameshindwa kuamua. Mguu namsugua, usiulize.

Jana saa tisa alasiri Mama Ishen alivuka mfereji akaja kwetu. Kwake hana televisheni. Hakusema amefuata nini. Nikaiwasha. Akaenda akaigeuza, ikatazama ukuta. "Nimekuja kusikia," akasema, "sikuja kumtazama." Tukakaa watatu tunatazama mgongo wa televisheni na nyaya zake.

Mtangazaji alisoma nambari moja mpaka sita vizuri, mbiombio. Akakohoa. Karatasi ikasikika. Kadyr akanishika mkono, na mimi nilikuwa nimekwisha kukukatia tamaa, nakuomba radhi. Kisha akasoma: "Nambari saba. Taalai mwana wa Osmon, aliyemuua Ishen mwana wa Bekten, wa Ak-Chiy."

Unajua wewe ulivyokuwa uwanja, ulikuwepo. Sisi tulisikia kimya, halafu filimbi za kuzomea, halafu mtu mmoja akatukana, tena vizuri, kwa matusi ya kwetu Talas. Makofi hayakuja. Baadaye tukasikia kwato. Tukajua umeingia.

Mama Ishen hakulia. Alikuwa ameweka mikono magotini. Alikaa mpaka mwisho, na mlipofungwa nne kwa mbili hakutikisika. Chai yangu aliinywa. Ni mara ya kwanza tangu tumzike Ishen anakunywa chai nyumbani mwetu.

Akasema, "Sijamsamehe, Burmakan. Usije ukamwandikia nimemsamehe."

"Simwandikii hivyo, Mama."

"Na huyo bwana msomaji amesoma kama anafukuzwa. Mwambieni mara nyingine asome taratibu. Ishen halafu mwana wa Bekten. Anyamaze kidogo hapo katikati."

Nilimsindikiza. Kwenye kizingiti akasimama, amenipa mgongo, akauliza mechi ijayo ni lini.

Nimemwambia tarehe tatu Juni. Kocha akikufukuza, kalale langoni mpaka akurudishe. Tarehe tatu Juni usikose uwanjani.

Dada yako,
Burmakan